Nilivyoacha kuvunja masega kwenye mashine ya asali ya pipa

Naandika hii kwa sababu tulipoteza fremu sita (zile mbao za mstatili ambazo nyuki hujenga sega ndani yake) za asali nzuri kabisa kwa ushauri mmoja mbovu, kwamba mashine inayozungusha fremu ili asali itoke uizungushe kwa nguvu zote, na najua huku Tabora kuna watu sa hivi wanaambiwa hivyo hivyo.

Mjomba wangu ana mizinga ya fremu huko Sikonge, siyo ile ya magome ya wazee. Faida ya fremu ni kwamba sega zima linarudi mzingani, nyuki wanajaza tu bila kuanza kujenga nta upya, sasa ukilikamua kwa mkono umeua kila kitu. Mashine ya dukani bei ilitushinda. Nikachukua pipa la plastiki la bluu (liwe lilibeba kitu cha kula, la dawa usiguse hata wakikuapia limeoshwa), spoketi na ekseli ya baiskeli kuukuu, wavu wa stenlesi, fundi akachomelea kikapu cha fremu mbili zinazotazamana. Yote kama laki na thelathini hivi, nauli sijaweka. Spoketi ya mkono ina meno 44, ya kikapu 22, yaani mkono ukizunguka mara moja kikapu kinazunguka mara mbili. Mnyororo uwekee kifuniko chini, grisi isidondokee asali.

Siku ya kwanza fundi mwenyewe alikuja kuangalia. "Dogo, kitu kikizunguka kinapata nguvu ya kukitupa nje, we zungusha kwa nguvu zote asali itatoka." Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita, baridi, asali nzito. Mjomba akashika mkono akakoleza, pipa likaanza kuvuma, matone mawili matatu yakagonga ukuta, halafu tukasikia kitu kama kitambaa kinachanika. Tukasimamisha. Sega moja, jipya, jeupe bado, lilikuwa limechomoka kwenye mbao za fremu na kulala kwenye wavu kama chapati, nta imepenya kwenye matundu ya wavu, na upande wake wa ndani bado umejaa asali. La pili limepasuka katikati. Mjomba aliokota kipande kimoja kimoja na vidole, hasemi kitu. Fundi akasema hatujakoleza vya kutosha ndo maana! Tukarudia mara mbili zaidi. Fremu sita.

Usiku ule sikulala vizuri. Kidato cha tano nilisoma mwendo wa duara, ile kanuni niliikariri na mtihani nikafaulu, ila sikuwahi kuihisi mkononi. Kilichonifungua ni kombeo. Utotoni tulikuwa tunafukuza ndege kwenye mpunga kwa kombeo, na kila mtoto anajua ukiliachia jiwe wakati kamba imeelekea kwa ndege humpati ng'o, jiwe linakwenda pembeni. Unaachia mapema, kamba ikiwa ubavuni, ndo jiwe linanyoosha mbele. Sasa kama kungekuwa na nguvu inayolitupa nje, si lingefuata mstari wa kamba? Halifuati. Linaendelea na njia ile ile liliyokuwa nayo sekunde ulipoliachia, limenyooka, basi. Nguvu iliyokuwepo ni ya kamba, inalivuta kuja mkononi, na ukiacha kuvuta duara limeisha.

Hapo ndo nikaelewa kwa nini kitu kinachozunguka kwa spidi ile ile bado kinahitaji nguvu muda wote. Spidi haibadiliki lakini mwelekeo unabadilika kila nukta, na kuubadilisha mwelekeo hakuji bure, lazima kitu kikisukume kuelekea katikati. Kwenye pipa letu anayesukuma ni wavu. Wavu unalisukuma sega, sega linaisukuma asali ya upande wa ndani, ila asali ya upande wa nje nyuma yake hakuna kitu, inachomoka na kunyoosha njia mpaka ukutani. Kwa hiyo lile sega limebanwa, huku wavu, huku asali ya ndani inayogoma kupinda.

Nikapiga hesabu. Kutoka ekseli hadi fremu ni sentimita 25, fremu iliyojaa kama kilo 2. Nguvu ni uzito wa kitu kwa kilo mara spidi mara spidi, gawanya kwa nusu kipenyo, kanuni ambayo Christiaan Huygens, Mholanzi, aliifikia mwaka 1659. Mkono ukizunguka mara moja kwa sekunde, kikapu mara mbili, spidi ni mita 3.14 kwa sekunde na nguvu ni kama nyutoni 79, yaani kama fremu imebebeshwa kilo 8. Mjomba alivyokoleza, mkono mara mbili kwa sekunde, spidi imekuwa mara mbili tu, lakini mzigo umefika kilo 32! Mara nne. Sega jipya la nta kulibebesha kilo 32, aisee.

Nilichofanya nilifunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa mashine, nikaweka simu na saa ya kuhesabu mbele ya mjomba, nikamwambia kitambaa kipite mbele yako mara moja kila sekunde, usizidishe. Tukasubiri saa saba mchana asali ipate joto ilainike. Upande wa kwanza taratibu mpaka nusu itoke, geuza fremu, upande wa pili taratibu mpaka uishe, rudisha ule wa kwanza, na hapo ndo ukoleze kidogo kidogo kwa sababu ndani hakuna tena mzigo wa kulibana sega. Na fremu pima kwa mizani ya kushika, pambanisha zenye uzito unaokaribiana. Sisi moja ilizidi mwenzake kama kilo nzima na pipa likaanza kutembea uani, manake katikati inavutwa upande mmoja zaidi na upande huo unazunguka nao.

Nikasoma kwamba mashine ya namna hii aliitoa Franz Hruschka mwaka 1865, na inasimuliwa wazo lilianzia kwa mtoto wake aliyekuwa akizungusha sega kwenye kikapu. Naamini, kwa sababu mimi kombeo ndo limenifundisha.

Fundi alikuja tena jioni. Sikubishana naye, nilimpa kombeo na jiwe nikamwambia lenga ule mwembe, achia kamba ikiwa imeelekea mti. Jiwe likaenda kwenye uzio wa jirani. Akajaribu mara tatu, afu akanyamaza akaenda kuchungulia pipani, akaona michirizi ya asali ukutani imelala yote upande mmoja.

Fremu 14 zilizobaki zote zilitoka nzima. Mjomba alizirudisha mzingani siku ya tatu, moja baada ya nyingine, na ile ya mwisho aliishika kwanza dhidi ya jua akaikagua pande zote mbili.