Nilivyojifunza Kuhariri Wikipedia ya Kiswahili

Juu ya kila makala ya Wikipedia ya Kiswahili pameandikwa "Hariri", na kwa miaka mingi nilizisoma makala hizo bila kufikiri kwamba mwaliko huo unanihusu mimi. Aliyenifumbua macho ni mwalimu mstaafu wa hapa Mombasa, mama mtu mzima aliyefundisha Kiswahili katika shule za Likoni na Kisauni, ambaye baada ya kustaafu aliingia katika kazi hii kwa bidii ileile aliyokuwa nayo darasani. Nilipomwomba anifundishe alikubali mara moja, lakini hakuniruhusu kuandika chochote siku ile.

"Mwanangu," aliniambia, "kabla hujauhariri ukurasa, soma historia yake."

Akafungua makala ya Fort Jesus, ngome kongwe ya hapa Mombasa, kisha akabonyeza palipoandikwa historia. Ikatokea orodha ndefu, kila mstari ukiwa na saa, tarehe, jina la mhariri na idadi ya baiti, yaani kipimo cha ukubwa wa maandishi, za kijani zikiwa zimeongezwa na nyekundu zimeondolewa, na mwishoni, kwa wahariri waungwana, maelezo mafupi ya kilichofanywa. Akachagua matoleo mawili, yakapangwa katika safu mbili, la zamani kushoto na jipya kulia, na kila neno lililobadilishwa likawa limepakwa rangi. Mwalimu alinionyesha jinsi mtu mmoja alivyosahihisha tahajia tu, mwingine alivyoongeza aya nzima, na jinsi mabadiliko mabovu yanavyoweza kutenguliwa kwa kubonyeza mara chache tu, ukurasa ukarudi ulivyokuwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo la kwanza linalomfaa kila anayeanza, kwa sababu linaondoa hofu ya kuharibu na papo hapo linaweka uwajibikaji: chochote utakachoandika kitabaki na jina lako, na yeyote duniani anaweza kukikagua.

Mtindo huu wa kuandika pamoja ulianza mwezi Machi 1995, Mmarekani Ward Cunningham alipoizindua wiki ya kwanza, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe wanaweza kuihariri. Wikipedia ya Kiingereza ilifuata Januari 2001, na ya Kiswahili ikaanza mwaka 2003. Zote mbili zinaendeshwa na programu iitwayo MediaWiki, kwa hiyo aliyejifunza kuhariri katika lugha moja hapati taabu kubwa katika nyingine.

Alama zenyewe hazina uzito unaodhaniwa. Mabano mraba mawili kila upande hugeuza neno kuwa kiungo cha kwenda makala nyingine. Alama tatu za mkato wa juu kila upande hukoleza maandishi, nazo alama mbili za usawa huweka kichwa cha sehemu. Ipo pia njia ya kuhariri inayofanana na kuandika barua kwenye kompyuta, isiyodai alama hata moja. Mazoezi hufanywa katika ukurasa wa majaribio, na kabla ya kuchapisha unaweza kuona makala itakavyoonekana.

Kazi ngumu ni vyanzo. Kanuni ya Wikipedia ni kwamba kila jambo linaloweza kutiliwa shaka lazima liwe na chanzo kilichochapishwa, ambacho msomaji anaweza kukitafuta mwenyewe, na kwamba wiki si mahali pa kutangaza utafiti mpya wa mhariri. Kuhusu Fort Jesus hili ni jepesi: vitabu vinasema kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwamba ramani yake ilichorwa na Mwitalia Giovanni Battista Cairati, na kwamba UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Lakini tutoke hatua chache tuingie vichochoro vya Mji wa Kale. Nani aliijenga nyumba ile yenye mlango wa nakshi, familia gani iliuza halwa katika njia hii, kisima kile kilichimbwa zamani za nani? Majibu yapo, nami nimeyasikia kwa nyanya yangu tangu utotoni, lakini hayamo katika kitabu chochote nilichokiona.

Nilimuuliza Mwalimu kama si dhuluma kwamba ushahidi wa nyanya yangu haukubaliki, na wa mgeni aliyekaa Mombasa wiki mbili kisha akachapisha kitabu unakubaliwa. Hakulikwepa swali. Alisema kanuni hiyo inatuumiza zaidi sisi ambao elimu yetu nyingi ilipitishwa kwa mdomo, na bado ni kanuni njema, kwani bila hiyo kila ukoo ungeandika sifa zake na msomaji asingekuwa na namna ya kupambanua. Kisha akanikumbusha habari za Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mvita, yaani Mombasa, aliyefariki takriban mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa katika vifua vya watu. Yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdalla al-Batawi aliyakusanya katika karne ya 19, akishirikiana na mmisionari William Taylor, hata yakaja kuchapishwa kwa jina la *Diwani ya Muyaka* mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Leo mtu yeyote anaweza kunukuu ubeti wa Muyaka katika wiki na kutaja ukurasa wa kitabu.

Maneno hayo yalinibadilishia mpango wangu wote. Nilipokuwa nikitamani kumimina katika wiki kila ninachokijua kuhusu mtaa wetu, sasa kazi yangu ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kutafuta yale ambayo tayari yamechapishwa, katika vitabu, majarida na magazeti ya zamani, na kuyaingiza pamoja na jina la mwandishi, mwaka na ukurasa. Ya pili hufanyika nje ya wiki kabisa: kurekodi simulizi za wazee kwa ridhaa yao na kuwapelekea watafiti na wachapishaji, ili siku moja ziwe chanzo kinachoweza kutajwa. Sehemu hii ya pili ni ya polepole mno, na wazee hawatusubiri.

Liko pia suala la lugha, ambalo watu wa pwani hulihisi kuliko wengine. Mkutano uliofanyika hapahapa Mombasa mwaka 1928 ndio ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikabaki lahaja. Makala za wiki huandikwa kwa Kiswahili sanifu, nami naona ni sawa, maana msomaji wa Mwanza au wa Bujumbura naye ana haki ya kuelewa. Hata hivyo programu imetoa nafasi ya majina yetu kwa kurasa za kuelekeza. Mti ambao Tanzania wanauita mwarobaini, sisi twauita mkilifi. Mhariri akitengeneza ukurasa wa kuelekeza kwa jina la mkilifi, mtoto wa Kongowea atakayeandika jina alilofundishwa na mamake atafikishwa kwenye makala ileile, na ndani ya makala majina yote mawili yatatajwa. Ni kazi ya dakika chache, na ningependa wahariri wa pwani tuifanye kwa samaki, miti na vyakula vyetu vyote.

Ninachokipinga waziwazi ni makala zinazopitishwa katika programu ya kutafsiri na kubandikwa bila kusomwa. Unakuta sentensi ambayo kila neno lake ni la Kiswahili na bado haieleweki, ngeli zimevurugika, na jina la mtu limetafsiriwa kana kwamba ni nomino ya kawaida. Wikipedia ndogo huvutiwa na idadi ya makala, lakini mwanafunzi anayezisoma haziongezi elimu yake wala lugha yake. Afadhali aya tatu zilizoandikwa na mtu anayejua anachokisema.

Ubishi hutokea, na mahali pake ni ukurasa wa majadiliano ulioambatana na kila makala, ambapo kila mmoja huweka sahihi yake kwa kuandika alama nne za wimbi (~~~~). Mwalimu husisitiza dhana njema: akitengua mtu ulichoandika, chukulia kwamba anaitakia makala mema, muulize sababu kwa upole, na umwonyeshe chanzo chako. Nimeona wahariri wawili, mmoja wa Kenya na mwingine wa Tanzania, wakibishana kwa siku kadhaa juu ya tarehe moja, hatimaye wakakubaliana kwamba vyanzo vinatofautiana na kuviandika vyote viwili.

Hivi sasa ninakusanya vyanzo juu ya Msikiti wa Mandhry, ulioko Mji wa Kale, ambao hutajwa kuwa miongoni mwa misikiti mikongwe ya kisiwa hiki na ambao husemwa ulijengwa takriban mwaka 1570. Ninatafuta vitabu vinavyoeleza tarehe hiyo imetokana na nini. Mwenye kitabu cha namna hiyo nyumbani, kiwe cha Kiswahili, cha Kiarabu au cha Kiingereza, ninamwomba aniandikie jina la mwandishi, mwaka wa kuchapishwa na nambari ya ukurasa. Na kama kitabu chake kinataja mwaka mwingine, autaje huohuo, nami nitauweka katika makala pamoja na jina la aliyeuandika.