Anaadhibiwa kwa Kuweka Akiba

Jana nilisoma barua iliyoninyima usingizi, na wala haikuwa yangu. Ni ya mwanamume mmoja anayeishi katika nyumba ninayoisimamia hapa Worcester, Massachusetts, nyumba ya watu wazima wenye ulemavu wa akili wanaosaidiwa na wafanyakazi. Jina lake silitaji. Sheria ya kulinda siri za tunaowahudumia hainiruhusu, na hata ingeniruhusu nisingelitaja. Ana miaka hamsini na kitu, ana ulemavu wa akili tangu kuzaliwa, na ana kazi yake. Anakusanya vitoroli kwenye maegesho ya supamaketi, mvua inyeshe theluji ianguke, kwa dola 15 kwa saa, ambazo ndizo kima cha chini cha mshahara katika jimbo hili. Barua inasema akiba yake benki imepita dola 2,000. Kwa hiyo posho yake ya SSI, ile ya serikali kuu ya Marekani kwa walemavu na wazee wenye kipato kidogo, inasimamishwa mpaka akiba ishuke, na posho ya miezi ambayo akiba ilikuwa imepita kiwango anadaiwa airudishe.

Tuliisoma pamoja kwenye meza ya jikoni, polepole, kwa kuwa barua ni yake na ana haki ya kuisikia kabla ya mtu mwingine yeyote kuamua lolote. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwani niliiba?"

Hakuiba. Alikuwa anaweka pesa ya treni. Iko treni ya Amtrak inayoitwa Lake Shore Limited, inatoka Boston, inapita hapa Worcester, inakesha njiani mpaka Chicago. Dada yake anaishi Chicago. Na yeye hataki kiti, anataka kile chumba kidogo chenye kitanda, na anajua atalipia pia tikiti ya mfanyakazi wa kumsindikiza. Kila ijumaa ya mshahara ananionyesha salio kwenye simu, kwa furaha ambayo wengi wetu tuliiacha siku ya kwanza tulipojiunga na chama cha akiba.

Karani aliyeiandika barua sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na sheria. Kiwango hicho cha dola 2,000 kiliwekwa mwaka 1989 na hakijaguswa tena. Mwaka huo kima cha chini cha mshahara kitaifa kilikuwa dola 3.35 kwa saa. Mtu akifanya kazi, dola 65 za kwanza za mwezi na nyingine 20 hazihesabiwi, kisha kila dola mbili anazochuma zinamkata dola moja ya posho. Na hizo 65 na 20 ni zilezile tangu SSI ilipoanza kulipwa mwaka 1974. Halafu eti tunamhimiza atafute kazi.

Wakioana ndiyo mbaya zaidi. Wawili wanaopokea SSI wakifunga ndoa, akiba yao wote pamoja isizidi dola 3,000, na posho yao inahesabiwa kwa kiwango cha wanandoa: mwaka 2025 ilikuwa dola 1,450 kwa wote wawili, wakati kila mmoja akiwa peke yake angepata 967. Piga hesabu mwenyewe. Katika programu yangu wako wawili wanaopendana tangu kabla sijaajiriwa. Mmoja ameshamchagulia mwenzake pete. Mimi ndiye nilipaswa kukaa nao niwaeleze karatasi hizo, na niliwaeleza, maana kuwaficha kungekuwa kuwafanya watoto.

Kinachoniuma ni kwamba kila kitu kingine ninachofundisha wafanyakazi wangu kinakwenda kinyume na barua ile. Mtu huyu ana mpango wake wa mwaka. Kwenye kikao cha mpango huo yeye ndiye mwenyeji, na sisi wengine, nesi, msimamizi, ofisa wa jimbo, tunakuja kumsikiliza anataka nini. Anachagua chakula, nguo, kinyozi, kanisa au asiende kanisa. Mfanyakazi akimkaripia mbele za watu, au pesa yake ikipotea hata dola tano, ni simu ya lazima kwa wachunguzi wa jimbo, na anayenyamaza ana kosa lake. Dawa kali zinakaa nyuma ya kufuli mbili na zinahesabiwa na watu wawili kila zamu inapokabidhiwa, kidonge kwa kidonge, hata saa tano ya usiku watu wamechoka na theluji inawangoja nje.

Haki hizi zina gharama yake. Katika nyumba nyingine ninayoisimamia yuko mzee aliyekulia Fernald, ile taasisi ya Waltham iliyoanzishwa mwaka 1848 na kufungwa 2014. Ndiko watafiti walikowalisha wavulana uji wenye chembechembe za mionzi, miaka ya 1940 na 1950, wakiwaambia wamejiunga na klabu ya sayansi. Yeye hakuwa katika kundi lile. Lakini mtazame anavyokula. Mkono wa kushoto unaizunguka sahani yote, kifua kimeinama juu yake, na chakula kinakwisha kabla wewe hujamaliza kukaa. Tumekaa naye meza moja miaka na miaka, hakuna aliyewahi kumgusia kipande cha mkate, na mkono ule bado haujaondoka.

Waliofungua milango ya taasisi kama zile si wanasiasa peke yao. Lois Curtis na Elaine Wilson, wanawake wawili wa Georgia, waliwekwa hospitalini ingawa madaktari walikubali kwamba wanaweza kuishi katika jamii kama watu wengine wakipata msaada. Kesi yao ilifika Mahakama ya Juu, ikaamuliwa tarehe 22 Juni 1999 kwamba kumfungia mtu hivyo bila sababu ni ubaguzi chini ya sheria ya walemavu ya mwaka 1990. Kazi yangu ipo kwa sababu yao. Kodi ya nyumba yangu inalipwa kwa sababu yao, na ya Wakenya wengi sana wa Worcester na Lowell pia.

Ndiyo maana nikisikia kule nyumbani mtu anasema "alikwenda Amerika kuosha watu," simwachii hivi hivi. Ndiyo, tunaosha anayehitaji kuoshwa. Mwenye kifafa anaogeshwa na mtu aliyesimama karibu ili asizame. Hiyo ni aibu gani?

Ila wetu wakija wana shida yao, nayo inatokana na wema. Mtoto wa mama wa Kiafrika akimwona mtu mzima anahangaika na kamba za viatu, anapiga goti na kumfungia. Juzi dada mmoja mgeni, kutoka Kisii, mchapakazi hasa, alifanya hivyo mlangoni, gari likingoja. Nilimwomba asimame. Yule bwana alichukua karibu dakika kumi na tano. Alifunga fundo, likafunguka, akafunga tena, ulimi nje, na alipomaliza akamwambia dada yule, "Nilikuwa najua." Huruma yetu tusiiache, lakini kwenye kazi hii mikono yako ni ya kuishikilia nyuma ya mgongo mpaka uitwe.

Kwa wanaoniuliza inboksi kila wiki: waajiri wengi wa kazi hii hawamleti mtu kutoka nje, wanamchukua aliye na kibali tayari. Wakala anayetaka laki tatu za "viza ya care," usimpe hata mia. Ukifika na karatasi zako, tafuta leseni ya gari kabla ya televisheni. Jifunze kuandika ripoti ya zamu iliyonyooka: nani alifanya nini, saa ngapi, bila "nadhani." Mtihani wa kutoa dawa usome kwa bidii. Na usibebe zamu mbili mfululizo siku saba kwa sababu ya ploti ya Kitengela. Mtu aliyesinzia ndiye anayempa Petro dawa ya Paulo.

Nyumbani sitaki kukusifia wala kukuponda. Kijijini kwetu binamu yangu mwenye ulemavu alikuwa anaingizwa chumba cha nyuma wageni wakija. Binamu huyohuyo alikuwa na mashangazi wanne waliojua asichokula, na hakuna aliyekuwa na zamu. Leo akipata Inua Jamii, posho ya serikali ya Kenya, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na bei za maduka mnazijua. Hapa nina watu ambao bila sisi tunaolipwa hakuna mgeni anayebisha hodi, hata Krismasi.

Kuhusu barua, njia ipo. Inaitwa akaunti ya ABLE, sheria yake ni ya mwaka 2014. Zikiwekwa humo, hadi dola 100,000 hazihesabiwi kwenye SSI. Kwa muda mrefu ilikuwa ya waliopata ulemavu kabla ya miaka 26. Kuanzia Januari 2026 umri umepandishwa hadi 46. Kesho asubuhi tunamfungulia yake, na rufaa juu ya lile deni tunaipeleka wiki hii. Kama unasimamia nyumba, au una mtoto wako mwenye usonji, ugonjwa wa Down au mtindio wa ubongo hapa Marekani, ulizia hiyo akaunti leo, usingoje barua.

Lakini ABLE ni mlango wa nyuma kwa wenye msaidizi anayejua kusoma fomu. Uko muswada unaorudishwa bungeni Washington tena na tena, wa kupandisha kiwango hadi dola 10,000 kwa mtu mmoja na 20,000 kwa wanandoa, na haujapita. Ninyi mlioapa uraia, mnaojaza ukumbi kwa harambee kwa siku mbili, mbunge wa eneo lako ana ofisi na simu inapokelewa. Mwambie unafanya kazi gani, na umwambie habari ya mtu aliyeweka pesa ya treni.