Umelipa, na bado wanaweza kukudai nyumba

Wiki hii posta imeniletea barua ya kusainiwa kutoka kwa wauza vigae nisiowajua. Sijawahi kukanyaga dukani kwao. Wameandika kistaarabu kabisa kwamba hata kama nimemlipa mkandarasi anayenikarabatia bafu mpaka senti ya mwisho, yeye asipowalipa wao wanaweza kuandikisha deni juu ya nyumba yangu, na deni hilo likaishia kuiuza. Nyumba ambayo benki yenyewe bado inanidai!

Huku California sheria ndivyo ilivyo. Yeyote aliyeleta vifaa au jasho lake kwenye nyumba yako ana haki juu ya nyumba hiyo, hata kama hamjawahi kupeana mikono. Duka likishamkopesha mkandarasi mzigo, linakutumia wewe taarifa ndani ya siku 20 tangu kuanza kuuleta, ili haki yake isipotee. Kwa hiyo barua haina maana kwamba umeibiwa. Maana yake ni kwamba unaweza kulipa mara mbili, na umeambiwa mapema. Sasa niambieni, huo ni ustaarabu au ni vitisho? Dalali aliyeniuzia nyumba alinieleza habari za bima, kodi na tetemeko la ardhi. Hili hakuligusa.

Dawa yake ipo, ila lazima uidai mwenyewe. Kila aliyekutumia barua ya namna hiyo, usitoe malipo mengine mpaka mkandarasi akuletee karatasi iliyosainiwa na mtu huyo, inayosema kwa kazi iliyofikia hapa hana dai tena. Ama andika hundi moja yenye majina mawili, la mkandarasi na la duka, wakagawane wenyewe. Nilipomwambia wangu alinuna kama vile nimemwita mwizi mbele ya watoto wake. Nikamwambia hata mimi sijafurahi, lakini hela inasubiri karatasi. Kesho yake karatasi ikaja.

Na hapo nazungumzia bafu moja tu! Bafu ambalo mtu mrefu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Makadirio niliyoyakubali ni dola 27,000, na hayo ndiyo yalikuwa ya chini. Msijaribu kuzigeuza ziwe hela za nyumbani. Mimi niligeuza nikakosa usingizi. Mnajua wenyewe kwa fedha hiyo mtu angekuwa amefikia wapi, na bati zikiwa juu.

Halafu wakabomoa. Nyumba hizi ni mbao tupu, zimevishwa jipsamu ndani na plasta nje, ukigonga ukuta unasikia kama ngoma. Chini ya choo mbao zilikuwa zimeoza, unabonyeza kwa kidole zinamomonyoka kama mkate uliolowa, na nyuma ya vigae vya zamani ukungu mweusi umepanda mpaka usawa wa kifua. Bei ikapanda. Hapa ndipo wengi wanapoliwa, kwa sababu fundi anakwambia kwa mdomo "tutaongea mwishoni", nawe kwa haya za kwetu unaitikia. Usiitikie. Kazi ya ziada inaandikwa, bei yake inaandikwa, mnasaini wote wawili kabla nyundo haijanyanyuliwa. Ndivyo sheria inavyotaka. Na kama nyumba imejengwa kabla ya 1978, uliza habari ya rangi yenye madini ya risasi: anayekwangua kuta hizo kwa malipo lazima awe na cheti cha kazi hiyo, maana vumbi lake ni sumu kwa watoto.

Sasa niseme na zuri, nisije nikaonekana mnung'unikaji. Ile arubuni ambayo fundi wetu huichukua, akazima simu, akaibukia kwenye msiba wa shangazi yake wa tatu, huku imewekewa kufuli. Mkandarasi haruhusiwi kuanza kwa kuchukua zaidi ya dola 1,000 au asilimia 10 ya mkataba, na kinachofuatwa ni kiasi kilicho kidogo. Kwa kazi yangu, ilikuwa dola 1,000 basi. Baada ya hapo malipo hayaruhusiwi kuitangulia kazi. Wa kwanza aliyekuja kunipa bei alitaka nusu, taslimu, akaniahidi punguzo kama "tutaruka kibali cha jiji". Nikamsindikiza mpaka kwenye gari lake. Ndugu zangu mnaotuma hela za ujenzi nyumbani kila mwezi na kuletewa picha ya ukuta uleule kwa pembe tofauti, mnaelewa kwa nini kifungu hicho nilikisoma nikitabasamu.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni mkaguzi wa jiji. Sakafu ya sehemu ya kuogea ilizibwa tundu, ikajazwa maji mpaka kwenye kizingiti, yakaachwa yakae. Mzee mmoja mwenye tochi akaja, akapiga magoti, akaangalia alama ya maji kama imeshuka, akachungulia chini ya sakafu kama pamelowa. Hakuuliza mimi natoka wapi. Hakuuliza soda. Akasaini kadi, akaondoka. Kabla ya hapo aliwahi kuwakatalia mafundi kufunga ukuta kwa sababu bomba moja halikushikizwa vizuri, nao wakarekebisha bila mtu kupigia mtu simu. Nikiri nilimwonea wivu, kwa niaba ya nchi nzima.

Kuna jambo sitalipita, hata kama watu wa jumuiya yetu watanuna. Kila mji una Mswahili mwenzetu "anayejua kazi", na ukimpita unaambiwa umejitenga. Awe ndugu yako wa damu, ingiza namba yake ya leseni kwenye tovuti ya bodi ya makandarasi ya jimbo. Bure, dakika mbili. Utaona kama leseni iko hai, kama ana dhamana ya dola 25,000, kama ana bima ya wafanyakazi. Asipokuwa na bima hiyo na kijana wake akaanguka kutoka kwenye ngazi yako, hospitali itatafuta mwenye nyumba. Bila leseni mwisho wake ni vijikazi vya chini ya dola 1,000, tena visivyohitaji kibali wala kuajiri msaidizi. Kiwango hicho kilikuwa dola 500 hadi mwaka 2024.

Na ninyi mnaoniandikia inboksi mkiuliza "huku kuna kazi gani", mbona hamuulizi kazi hii? Aliyenipigia vigae ametoka kwao na ufundi wake mkononi, Kiingereza chake cha kuunga, na sasa mimi mwenye shahada mbili namwandikia hundi. Leseni inataka miaka minne ya uzoefu wa fundi kamili ndani ya 10 iliyopita, ithibitishwe kwa maandishi na mtu aliyeiona kazi yako, kisha mtihani wa sheria na biashara pamoja na wa fani yenyewe. Kila fani ina daraja lake la leseni: vigae ni C-54, mabomba ni C-36, umeme ni C-10. Bodi inapokea hata namba ya kodi ya ITIN kwa asiye na namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii. Mpwa wangu unayejenga na mhandisi huko, kabla hajahamia mradi mwingine, mwambie akuandikie barua yenye tarehe, kazi ulizofanya, sahihi na namba yake ya simu.