Picha ya Mjomba

Jumapili, saa nne usiku

Nimeifunika kwa boksi, nimezima feni, nimefunga mlango. Haigusiki mpaka kesho usiku. Nimeshanawa mikono mara mbili lakini kiganja bado kinahisi kile kijiti cha kukorogea.

Ni picha ya Mjomba. Amekaa mezani kwake, redio iko wazi mbele yake, nyaya nje, bisibisi ameichomeka juu ya sikio kama fundi seremala anavyochomeka penseli. Haangalii kamera. Mama ndiye aliyeniomba: anaitaka kubwa, ya kutundika ukutani, "ile inayong'aa kama kioo." Picha yenyewe ni ndogo, inaenea kwenye kiganja, na kona moja imekunjika.

Kabla sijanunua chochote niliamua jambo moja: picha halisi haitaonja rezini, kile kimiminika kinachomiminwa juu ya picha kikaganda kama kioo. Hii yangu ni ya aina ya epoksi, na ikishaganda imeganda. Haiyeyuki ikipata joto, haioshwi kwa spiriti, na ukijaribu kuibandua inaondoka na sura ya mtu. Nikaipitisha kwenye skana, nikachapisha nakala ya sentimita 30 kwa 40, na ile ya Mjomba ikarudi kwenye bahasha yake.

Heri nilifanya hivyo, maana nakala ya kwanza niliiua. Wiki tatu zilizopita nilichapisha kwenye karatasi isiyong'aa, nikaibandika kwenye ubao, nikamimina. Dakika chache baadaye doa likatokea karibu na ukingo, la rangi ya karatasi ya maandazi iliyolowa mafuta, likaanza kutambaa. Karatasi ilikuwa inainywa rezini, na pale hewa ilipotoka kwenye nyuzi zake, karatasi ikawa inaonyesha ubao wa chini. Nilisimama na kijiti mkononi nikiliangalia shati lake jeupe likigeuka kijivu kuanzia kwenye pindo, polepole, kuelekea kifuani. Hakuna la kufanya wakati huo. Nililala na uchungu siku ile.

Kwa hiyo safari hii nimeziba kila mahali. Vanishi ya kupuliza mikono mitatu, kila mmoja ukauke kabla ya mwingine, halafu gundi nyeupe ya mbao kwa brashi ndogo kwenye kingo nne, kwa sababu karatasi hunywa zaidi pale ilipokatwa. Na kabla ya hapo nilihakikisha imeshika ubao vizuri, nikiisukuma kwa kitambaa kutoka katikati kwenda nje, kisha ikalala chini ya vitabu usiku kucha. Hewa ikibaki chini ya picha, itapanda baadaye na kutengeneza povu ndani ya kioo chako.

Leo mchana nikapima. Unene wa milimita 3 juu ya eneo lile unataka mililita 360, yaani 180 za rezini na 180 za kigandishi. Hii yangu ni nusu kwa nusu kwa ujazo. Nyingine zina kipimo chake, lazima usome chupa. Watu hudhani ukiongeza kigandishi itakauka haraka. Sivyo. Inabaki inanata, wiki na miezi, kwa sababu sehemu ile ya ziada haina mwenzake wa kushikana naye.

Hapo ndipo Mjomba alipokuja akilini kwa nguvu. Redio zikimfikia zimepasuka ganda, alikuwa anatoa gundi yake ya tyubu mbili, anakamua mistari miwili juu ya kipande cha bati, anaisogeza pamoja kwa njiti ya kiberiti. Ni epoksi hiyohiyo. "Sawa kwa sawa, mjomba," alikuwa ananiambia, kwa kuwa naye aliniita mjomba, "la sivyo tutakuwa tumeipaka asali." Alikoroga mpaka mistari ipotee kabisa. Mimi nimekoroga dakika tatu kamili kwa saa, nikikwangua kuta za kikombe na kitako chake, taratibu nisije nikaingiza hewa. Yeye alishika mikono mitupu. Mimi nimevaa glavu, na ningependa kila anayeanza avae: ngozi inaweza kuvumilia mara kumi, kisha siku moja ikaanza kuvimba na kuwasha, na ikishaanza haisahau.

Kumimina kwenyewe ni kufupi. Pima maji ilishathibitisha meza iko sawa, nikamwaga katikati, nikaisambaza kwa kipande cha plastiki, ikajilaza yenyewe. Nikapitisha moto wa gesi juu juu, bila kuusimamisha mahali pamoja, na mapovu yakapasuka kama matone ya mvua ya kwanza kwenye vumbi.

Na hapo rangi zikaamka. Sijui niseme vipi. Weusi uliokuwa wa kijivujivu ukawa na kina. Nikaona kitu ambacho sikukiona kwenye picha ndogo wala kwenye nakala kavu: kidole gumba chake kina plasta. Miaka yote hiyo sijawahi kuiona.

Nilitoa unywele mmoja kwa kijiti cha meno. Baadaye, dakika hamsini hivi, nikaona chembe nyingine, karibu na kitufe cha sauti cha redio. Mkono ulishaanza kwenda. Nikaurudisha. Ikishaanza kukaza ukiichokoa inaacha mtaro, na chembe ndogo ni bora kuliko mtaro. Itakaa humo.

Jumatano

Saa 72 zimetimia. Juzi ilikuwa ngumu kwa kidole, lakini leo ni ngumu kweli, ukigonga kwa ukucha inajibu. Nilibandua utepe niliokuwa nimeubandika chini ya ubao na matone yote yaliyokuwa yananing'inia yakaondoka nao. Chembe ipo. Naijua mimi tu.

Nikampelekea Mama. Tukaitundika mkabala na dirisha, mahali alipokuwa ameshapachagua. Akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa kulia, kushoto.

"Mwanangu, mbona naona dirisha tu?"

Kweli kabisa. Uso wote ulikuwa mwanga. Na jua la moja kwa moja lingeifanya iwe ya njano mapema, hata rezini zilizotiwa kinga ya jua. Tukaihamishia ukuta wa pembeni, na Mjomba akarudi, na plasta yake. Mama akaigusa ile plasta kwa ncha ya kidole, juu ya kioo. "Alijikata na kile kisu," alisema. Hakusema kisu kipi.

Kisha akaniuliza bahasha iko wapi.

Nilimpa. Akaitoa picha ndogo, akaigeuza papo hapo bila kuangalia mbele. Nyuma kuna penseli ya Mjomba, imefifia. Nadhani alikosa karatasi siku hiyo. Mama akaisogeza karibu na macho akaisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma barua: "Waya wa spika. Betri nne. Kesho asubuhi."

Akakaa kitini nayo. Mimi nikaenda kuokota vipande vya utepe.