Nilivyojifunza kufuatilia uoto katika eneo linalorejeshwa

Nilipokabidhiwa kazi ya kufuatilia uoto katika eneo la nyasi lililochakaa na kuanza kurejeshwa, nilidhani inatosha kuhesabu miche iliyopona. Nilihesabu mwaka mzima wa kwanza, na ripoti ikapokelewa vizuri. Hata hivyo, hesabu ile haikusema lolote kuhusu mimea iliyoota yenyewe katikati ya miche, wala kuhusu udongo uliobaki wazi, ilhali hayo ndiyo yanayoonyesha kama jamii ya mimea inarudi.

Msimu uliofuata nilianza upya. Kwa kubahatisha, yaani bila kupendelea mahali popote, nilichagua mahali pa kuweka viwanja vya kudumu katika sehemu iliyopandwa, katika sehemu iliyoachwa bila kuguswa, na katika uoto wa asili wa jirani uliokuwa kigezo chetu. Kila pembe niliipigilia kigingi cha chuma, kwa kuwa kifaa cha GPS huweza kukosea kwa mita kadhaa, na fremu ya mita 1 kwa mita 1, tunayoilaza chini ili kupima uoto uliomo ndani yake, ikisogea kiasi hicho, unakuwa umepima mahali pengine kabisa.

Kilichotusumbua zaidi ni macho yetu wenyewe. Mimi na mwenzangu tulipiga magoti mbele ya fremu moja. Mimi nikakadiria kwamba nyasi zimefunika asilimia 40, yeye akasema 15. Tulikata karatasi ngumu ya sentimita 10 kila upande, ambayo ni asilimia 1 ya fremu, tukawa tunailaza juu ya majani hadi makadirio yetu yakakaribiana. Ndipo tukaanza kutumia madaraja ya Braun-Blanquet, mfumo wa kukadiria kiasi cha ardhi kilichofunikwa na kila mmea, ambamo daraja la 2 ni asilimia 5 hadi 25 na la 3 ni 25 hadi 50. Naona ni afadhali daraja pana la kweli kuliko tarakimu moja ya kukisia.

Mmea tusioutambua tuliupa namba, tukatafuta mwenzake nje ya fremu wa kukausha ili utambuliwe baadaye, maana ukiung'oa ndani umebadilisha kile utakachokipima mwakani.

Mwaka wa tatu, tukipima majuma yaleyale baada ya mvua, udongo ulikuwa umefunikwa vizuri na miche ilikuwa hai, lakini sehemu kubwa ya kijani kile ilikuwa spishi moja vamizi ambayo katika viwanja vya kigezo haikuwepo. Tulianza kuing'oa kabla haijatoa mbegu, tukiacha baadhi ya viwanja kama vilivyo ili tulinganishe.