Akifeli somo moja, itatugharimu nini?

Swali hilo lilimkera kaka yangu nilipomuuliza, lakini ndilo lililotufikisha kwenye uamuzi wa mwanawe aanzie chuo gani. Barua ya chuo kikuu kimoja binafsi ilikuwa imeshabandikwa kwenye friji, na ndugu wa nyumbani walikuwa wameshapigiwa simu. Kwa mzazi aliyehamia California na kufanya kazi za usiku miaka yote hii, kusema "mwanangu yuko chuo kikuu" si jambo dogo. Namwelewa kabisa.

Ila mtoto wake namjua. Ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi usiotokana na upungufu wa akili. Anasoma na kidole chini ya mstari, midomo ikitikisika, na akifika chini ya ukurasa macho yamemwiva kwa uchovu. Ukimweleza jambo lile lile kwa mdomo, analishika mara moja na hatalisahau. Alimaliza sekondari na GPA, yaani wastani wa alama ambao kilele chake ni 4.0, ya 2.4, ndani yake kukiwa na D ya kemia na D ya algebra ya pili.

Hapa California D hizo hufunga milango. Vyuo vikuu vya umma, UC (University of California) na CSU (California State University), hutaka C au zaidi katika masomo ya orodha iitwayo A-G. Juu ya hapo, UC inataka GPA ya 3.0 kwa mkazi wa jimbo, na CSU 2.5. Tukabaki na njia mbili: kile chuo kikuu binafsi, au chuo cha jamii cha karibu na kwao, yaani chuo cha umma ambako mwanafunzi husoma miaka ya mwanzo kisha huweza kuhamia chuo kikuu, na ambacho humpokea yeyote mwenye cheti cha sekondari.

Chuo kikuu kilimpa ufadhili mzuri, kwa sharti kwamba GPA isishuke chini ya 3.0. Salio lingelipwa kwa mkopo wa Parent PLUS, na huo ni deni la mzazi mwenyewe, si la mtoto. Nikamwambia, "Kaka, huyu ametoka na 2.4 akiwa nyumbani, nasi tunamwamsha asubuhi. Muhula mmoja ukienda vibaya, ufadhili unaondoka na deni linabaki kwako." Hakunijibu siku ile.

Kwenye chuo cha jamii uniti moja, kipimo cha uzito wa somo, ni dola 46, kwa hiyo somo la uniti 4 ni dola 184. Tena kijana anayeanza chuo kwa mara ya kwanza, akisoma muda wote, anaweza kufutiwa ada hiyo kwa miaka miwili kupitia California College Promise. Akipata D au F anarudia somo, na alama mpya ndiyo inayohesabiwa kwenye GPA. Kawaida mwisho ni mara tatu kwa somo. Na tangu sheria ya AB 705 ya mwaka 2017, vyuo hivi haviruhusiwi kuwarundikia wanafunzi hisabati za maandalizi zisizohesabika kwenye shahada, mahali ambapo wengi walikuwa wakikwama na kukata tamaa. Kwa mtoto anayesuasua, nafasi ya kuanguka bila kuumia sana ina thamani kubwa kuliko jina la chuo.

Lakini asikudanganye mtu kwamba ukishamwandikisha huko mambo yamekwisha. Kwa Marekani nzima, katika kila wanafunzi 100 wanaoanza chuo cha jamii, wanaopata shahada ya kwanza ndani ya miaka sita ni takriban 16. Wengine humezwa na zamu za kazi. Wengine husoma masomo ambayo chuo kikuu hakiyatambui: ripoti ya GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba wanaohama hupoteza asilimia 43 ya masomo waliyokwisha kulipia. Ndiyo maana sisi tulikaa na tovuti ya assist.org kabla hajachagua somo hata moja, tukaangalia lipi linapokelewa wapi. Tukamwombea pia EOPS, mpango wa wanafunzi wa kipato kidogo, ambao humtaka mwanafunzi amwone mshauri wake mara tatu kila muhula. Kwa kijana mwenye tabia ya kujificha mambo yakiharibika, sharti hilo ni dawa.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba IEP ya sekondari, ule mpango maalumu wa shule kwa mtoto mwenye ulemavu, inaishia sekondari. Chuoni hakuna atakayemtafuta mtoto wako; ni yeye aende ofisi ya DSPS, inayohudumia wanafunzi wenye ulemavu, aseme ana ulemavu gani na aonyeshe karatasi. Nilimsindikiza. Mama wa mapokezi alinisalimia vizuri, kisha akageuza kiti chake kumwelekea kijana, akamuuliza yeye. Kimya kirefu. Nilibana midomo nisimjibie. Mwishowe akasema, "Nasoma polepole, lakini naelewa nikisikiliza." Akapewa muda wa nyongeza kwenye mitihani na programu ya kumsomea vitabu kwa sauti.

Kaka naye alishtuka kusikia kwamba kwa sheria ya FERPA ya mwaka 1974, mtoto akishaingia chuo alama ni zake, na baba haonyeshwi hivi hivi. Kijana alitia sahihi kwa hiari yake ili baba yake azione. Nadhani hilo lilimtuliza kaka kuliko maelezo yangu yote.

Muhula wa kwanza alipata D ya takwimu. Alilirudia somo, sasa ana B. Septemba hii litafunguliwa dirisha la TAG, mkataba unaomhakikishia mwanafunzi wa chuo cha jamii nafasi katika mojawapo ya kampasi sita za UC akitimiza masharti. Unaruhusiwa kuomba moja tu. Baba anataka Davis, mtoto anataka Merced, na mshauri amewaambia waje wote wawili na orodha ya masomo mkononi.