Kutoka Lewes hadi Glynde: kuzitenganisha Vicia za porini

Asubuhi moja ya mwishoni mwa Juni nilishuka treni Lewes, katika kaunti ya East Sussex kusini mwa Uingereza, nikiwa nimekusudia kufuata Mto Ouse hadi Southease, kisha kupanda vilima vya chokaa vya South Downs na kuteremkia Glynde, ambako kuna kituo kingine cha treni. Msimu niliuchagua kwa makusudi. Mimea ya jenasi Vicia, ambayo ni jamaa ya kunde na mbaazi, mwezi huo huwa na maua na maganda ya mbegu kwa pamoja, na anayetaka kuzitofautisha spishi zake anavihitaji vyote viwili, kwa kuwa rangi ya ua humpotosha mtu upesi.

Ukingoni mwa mto, Vicia cracca ilikuwa imeyaparamia manyasi marefu kwa vikono vyake vya kujishikizia, na maua yake ya buluu iliyochanganyika na zambarau yalikuwa yamepangana kwa wingi upande mmoja wa kikonyo kirefu. Kwa mbali mtu hudhani hakuna la kuchunguza. Hata hivyo Vicia villosa, ambayo hupandwa kwa ajili ya malisho na kurutubisha udongo kisha ikasambaa yenyewe nje ya mashamba, ina maua ya rangi na mpangilio unaokaribiana sana na huo. Nilichuma ua moja nikalitazama kwa lenzi. Petali ya juu, ile inayosimama wima, ina sehemu mbili: shingo nyembamba inayoanzia ndani ya kikombe cha sepali, na bapa linalokunjuka nje. Katika V. cracca bapa na shingo hukaribiana kwa urefu, katika V. villosa shingo huwa karibu mara mbili ya bapa. Na katika V. tenuifolia bapa ndilo linaloizidi shingo. Isitoshe, kikombe cha V. villosa kimevimba upande wa nyuma kiasi kwamba kijiti cha ua huonekana kimechomekwa chini yake, si mwishoni mwake. Ua langu lilikuwa nusu kwa nusu, na kikombe chake hakikuwa na uvimbe wa namna hiyo. Maua mengine niliyoyachuma njiani hadi Southease yalisema hivyo hivyo.

Karibu na reli kulikuwa na kazi ngumu zaidi, kwa sababu hapo spishi mbili ndogo, Vicia hirsuta na Vicia tetrasperma, zilikuwa zimesukana katika nyasi hizo hizo hata shina la moja lisijulikane linapoishia. Baadhi ya wataalamu siku hizi wamezitoa katika jenasi Vicia na kuziita Ervilia hirsuta na Ervum tetraspermum, lakini majina mapya hayamsaidii aliyepiga magoti kwenye nyasi. Kinachomsaidia ni ganda. Ganda la V. hirsuta lina vinyweleo na kwa kawaida hubeba mbegu mbili, la V. tetrasperma ni laini, nalo huwa na mbegu nne. Pasipokuwa na ganda, kikombe hutosha: meno, yaani ncha za ukingo wake, ya V. hirsuta hulingana na ni marefu kuliko kikombe chenyewe, ilhali ya V. tetrasperma ni mafupi na hayalingani. Maua ya ile ya kwanza ni meupe yaliyofifia na madogo mno, milimita 2 hadi 4 tu, na kwa maoni yangu hapo lenzi si anasa.

Juu ya Itford Hill, na kuendelea hadi Firle Beacon yenye urefu wa mita 217, nyasi ni fupi na upepo ni mkali. Maua mengi ya njano niliyoyakuta huko yalikuwa ya Hippocrepis comosa, jamaa ya Vicia isiyo na vikono, ambayo majani yake huliwa na viwavi wa vipepeo kadhaa wa buluu.

Katika mteremko wa kuelekea Glynde nilizikuta Vicia sativa na Vicia sepium zikiota karibu karibu kando ya ua wa vichaka. Zote mbili zina doa jeusi kwenye vipande vidogo mfano wa majani vilivyopo pale jani linapoungana na shina. Doa hilo ni tezi inayotoa mbochi, na sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka kuufuata. Charles Darwin alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1876 kwamba mbochi wa V. sativa hutoka jua likiwaka na hukoma mawingu yakilifunika. Doa basi haliwezi kuzitenganisha spishi hizi mbili. V. sativa huchanua ua moja au mawili kwapani mwa jani, na meno ya kikombe chake hukaribia kulingana, V. sepium huwa na maua mawili hadi sita ya zambarau iliyofubaa, meno yake ya chini ni marefu kuliko ya juu, na majani yake madogo ni mapana karibu na kitako. Mbegu nayo ni shahidi mzuri, kwa kuwa kovu lake, alama ya pale ilipokuwa imeshikana na ganda, katika V. sepium huzunguka zaidi ya nusu ya mbegu.

V. sativa yenyewe ina nususpishi zake. Ile iitwayo nigra huwa na majani ya juu membamba kuliko ya chini na maua ya rangi moja, na segetalis huwa na majani yanayofanana kote na maua ya rangi mbili. Mmea niliousimamia mwishoni ulikuwa na majani ya ile ya kwanza na maua ya ile ya pili. Nususpishi hizi huingiliana mara nyingi, kwa hiyo katika daftari niliandika Vicia sativa bila kuongeza neno, nikaenda kituoni.